Taa za Picha na Mahali pa Mwalimu

Katika mwezi wa Januari wa mwaka 1854, David Livingstone, akiwa njiani pamoja na Wamakololo kutoka Linyanti kwenda Luanda, alifika katika mji wa Shinte, mfalme wa Wabalonda, katika nchi ambayo leo ni pembe ya kaskazini-magharibi ya Zambia, akaiwasha taa yake ya picha usiku mbele ya mfalme na watu wa baraza lake. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Na kioo chenye picha hiyo kilipovutwa ili kupisha kingine, kisu kikaonekana kuwaelekea wanawake waliokuwa wameketi, nao wakainuka kwa hofu, wakapiga mayowe ya kuwaita mama zao na kukimbia huku wakiangukiana. Shinte hakuondoka mahali pake. Alikaa kitako hata onyesho likaisha, kisha akaiendea ile ala akaichungua kwa makini, naye Livingstone akamweleza ilivyofanya kazi, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipoionyesha, ili mtu asidhani kwamba mna uchawi ndani yake.

Nimeanza na Shinte kwa kuwa yeye, pale wenzake walipoitazama picha, aliitazama mashine. Na hiyo ndiyo kazi inayomngojea kila mwalimu mkuu na kila kamati ya shule inayokusudia kununua projekta shirikishi, yaani ile ambayo mwalimu huweza kuandika kwa kalamu yake maalumu, au kwa kidole, juu ya picha yenyewe iliyotandazwa ukutani. Wauzaji huionyesha dukani, katika chumba kilichofungwa mapazia, na picha hung'aa kwa namna ya kumvuta mtu atoe fedha papo hapo. Walakini tarehe ndefu ya taa hizi inatufundisha kuuliza kwanza maswali mawili yaliyo ya msingi kuliko yote: nuru yake ina nguvu kiasi gani, na mwalimu atasimama wapi?

Ilimu ya nuru ipitayo tunduni ikaacha sura ya vitu ukutani ilichambuliwa na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Misri mwanzoni mwa karne ya 11, mtunzi wa Kitab al-Manazir, ambaye alieleza pia jinsi sura ya jua lililopatwa inavyoonekana kupitia kitundu. Taa yenyewe, yenye lenzi na picha zilizochorwa juu ya kioo, huhesabiwa kuwa kazi ya Christiaan Huygens wa Uholanzi, katika mwaka 1659. Kwa muda wa miaka mia na zaidi baada yake udhaifu wa ala hii haukuwa katika lenzi bali katika moto: mshumaa au utambi wa mafuta haukutoa nuru ya kutosha ila kwa watu wachache, katika giza totoro. Mabadiliko yalikuja katika karne ya 19, ilipogunduliwa kwamba kipande cha chokaa kikipashwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni hutoa mwanga mkali mno. Tangu hapo taa ya picha iliingia katika kumbi kubwa, na mhadhiri akapata mahali pake kando ya shuka nyeupe, ameshika kifimbo cha kuonyeshea, ilhali fundi wa taa yuko nyuma ya watu. Mambo yakawa ya watu wawili, na wote wawili gizani.

Kwetu Afrika ya Mashariki jaribio lililo kubwa lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, baina ya miaka 1935 na 1937. Mpango huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulidhaminiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, ukapata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York, na wasimamizi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35, juu ya safura, juu ya akiba ya Posta, juu ya ngozi na mazao, na nyingine za hadithi, wakazipakia katika lori pamoja na mashine ya kuonyeshea, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya filamu bali katika santuri, kwa hesabu ya kwamba filamu moja ingeweza kusemeshwa kwa lugha mbalimbali kwa kubadilisha santuri tu. Hekima nzuri, ila ilitaka filamu na santuri zianze pamoja na ziende sawa, na sindano ikiruka kidogo tu maneno huachana na picha.

Filamu hizo zilijaa fikira za kikoloni, kwamba Mwafrika ni mtu wa kuelekezwa na si wa kuulizwa, na jambo hilo halifai kufichwa. Pamoja na hayo, liko funzo jingine ambalo mnunuzi wa leo asilipite. Fedha za kuanzia zilipatikana. Za kuendeshea hazikupatikana, kwa kuwa serikali za koloni hazikukubali kuuchukua mpango huo mikononi mwao, na baada ya 1937 ukakoma. Aidha, katika maonyesho yale mwalimu hakuwa na mahali hata kidogo. Maneno yalikwisha kutiwa ndani ya santuri kabla lori halijaondoka Vugiri, na mkulima mwenye swali alilazimika kungoja filamu imalizike.

Iliyomrudishia mwalimu mahali pake ni mashine ile ya meza yenye kioo cha bapa na kijioo juu ya mlingoti, iliyotumiwa na jeshi la Marekani kuwafundisha askari katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikaenea mashuleni tangu miaka ya 1960, hasa kwa juhudi za kampuni ya 3M. Mwalimu aliandika kwa kalamu ya wino juu ya karatasi angavu huku anawaelekea wanafunzi, wala haikuwa lazima kuzima taa zote, na mwandiko wake ukaonekana ukutani wakati ule ule auandikapo. Mimi naihesabu ala hii, ambayo siku hizi imerundikwa katika maghala ya shule, kuwa ndiyo babu wa kweli wa projekta shirikishi, kuliko sinema na kuliko taa za picha za vioo.

Kisha zikaja zama za tarakimu. Katika mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alivumbua kipande chenye vioo vidogo vidogo visivyohesabika kwa macho, kila kimoja kikigeuka upande huu na huu kuielekeza nuru kwenye lenzi ya projekta au kuiepusha nayo. Na katika 1991 kampuni ya SMART ya Calgary, Kanada, ikatoa ubao wake shirikishi, unaohisi mguso na kuupeleka katika kompyuta. Lakini projekta iliwekwa mbali, mbele ya ubao, hata mwalimu akisimama kuandika kivuli chake kiliifunika picha, na akigeuka kuwatazama wanafunzi nuru ilimpiga machoni. Katika 2007 kijana mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Johnny Chung Lee, alionyesha kwamba kidude cha mchezo wa Wii, kilichouzwa kwa dola 40 hivi, chenye kamera ya kuona mionzi ya joto isiyoonekana kwa jicho, kikiunganishwa na kalamu yenye kitaa cha mionzi hiyo, huweza kuugeuza ukuta wowote kuwa ubao shirikishi. Njia ya jinsi hiyo, ya kamera na kalamu ya mionzi, ndiyo iliyotiwa ndani ya projekta yenyewe; Epson walitoa ya kwao, BrightLink, katika 2010.

Kwa hiyo mnunuzi na aanze na kivuli. Achague projekta ya masafa mafupi sana, itundikwayo juu kabisa ya ubao, ambayo nuru yake hushuka karibu na ukuta, ili kiwiliwili cha mwalimu kisiikate. Nuru ishukayo hivyo, hata hivyo, huupiga ukuta kwa mshazari mkali, na kila bonde na kila kilima cha ukuta huonekana katika picha. Kuta zetu nyingi za lipu ya mkono hazifai bila ya kubandikwa ubao ulionyooka. Na ikiwa projekta inatumia kidole, ambapo pazia jembamba la mionzi hutandazwa sambamba na ubao, mbinuko wa milimita chache tu huweza kuleta alama ambazo hakuna aliyeziandika.

Kuhusu nguvu ya nuru, asikubali tarakimu yoyote isiyosemwa imepimwa kwa kanuni gani. Lumeni za ANSI au za kanuni ya ISO 21118 zina maana, na lumeni zilizotajwa tu juu ya kasha hazina. Aulize pia nguvu ya nuru ya rangi, maana baadhi ya mashine hutoa nyeupe kali na rangi zilizofifia. Projekta ya lumeni 3,500 ikitandaza picha ya mita 3 za mraba hutoa lukisi (yaani lumeni kwa kila mita ya mraba) kama 1,170, nazo zinatosha chini ya taa za darasa, ila mbele ya dirisha la jua la mchana hazitoshi. Na picha ikipanuliwa mara mbili kwa upana na urefu, mwangaza hubaki robo.

Balbu ya mvuke wa zebaki hutajwa kuwa na umri wa saa 3,000 hadi 5,000, na nuru ya leza saa 20,000, na katika zote mbili maana yake aghalabu ni mpaka nuru ifike nusu. Darasa likiitumia saa 5 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, ni saa 1,000; basi balbu hukaa miaka mitatu hadi mitano, na bei ya nyingine iandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza, pamoja na ya kalamu, ya chujio la vumbi, na ya ruhusa ya programu kama hutozwa kila mwaka. Umeme unapokatika ghafula balbu hukosa kupozwa na feni, kwa hiyo mahali pasipo umeme wa kutegemewa leza ni bora, ingawa bei yake ya awali ni kubwa.

Na mashine isilipiwe kabla ya kujaribiwa katika darasa lenyewe, saa nane mchana, madirisha wazi, na kompyuta ya shule yenyewe: mwalimu achore mistari katika pembe zote nne na katikati, atazame kama wino unaifuata ncha ya kalamu au unapotoka, kwa kuwa mionzi ya jua huweza kuidanganya kamera, na mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa aombwe asome kilichoandikwa.