Sindano Moja

Ghalani kwa baba, Kagongwa, kati ya magunia ya mpunga, nilimgeuza chali mende mkubwa mwekundu. Dume aliyekomaa ana sindano mbili fupi kwenye ncha ya tumbo, katikati ya vipapasio viwili vya nyuma. Jike hana sindano. Tumbo lake huishia kama ncha ya mtumbwi. Huyu alikuwa na sindano moja, upande wa kushoto.

“Jikedume,” binamu yangu akacheka. Shuleni niliitwa hivyo kwa ajili ya sauti yangu nzito. Nikamtia mende kwenye chupa.

Wadudu wa nusu kwa nusu wapo kweli. Mwaka 1919 Morgan na Bridges wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza chanzo chao kwa nzi wa matunda. Yai huanza na kromosomu X mbili, yaani jike; seli moja changa ikipoteza X inapogawanyika, upande unaotokana nayo huwa dume. Mende dume naye ana X moja.

Hata mkoani kwetu, miaka ya 1940, Vanderplank alipopandisha mbung'o wa spishi mbili huko Shinyanga, ilibidi kwanza atenganishe dume na jike.

Usiku nikatazama tena kwa lenzi na tochi. Kulia palikuwa na kisiki: sindano ilikatika. Tumbo lilikuwa la kidume pande zote mbili. Alikuwa dume tu, mwenye jeraha, nasi tulishampa jina.