Upepo wa Kivukoni, Kivuli cha Kariakoo

Mwanafunzi wa kigeni anayekuja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kujifunza Kiswahili hukaa Mlimani, mbali na bahari, na kwa wiki za mwanzo mji huuona kupitia dirisha la daladala. Wenye mazoea ya kukimbia hawavumilii hali hiyo muda mrefu. Hudamka gizani, hupanda mwendokasi, hushuka Kivukoni mwisho wa njia wakati wavuvi wanashusha samaki pale Feri, hukaza kamba za raba na kuanza safari ya miguu kuelekea Kariakoo.

Ni mwendo wa kama kilomita tatu tu. Lakini mkimbiaji hujifunza jambo ambalo abiria wa basi lenye kiyoyozi halioni: mahali upepo unapokata. Dar es Salaam ni mji wa unyevunyevu, na mtu anayetoka jasho huusoma kwa ngozi kabla hajausoma kwa macho. Kando ya bandari hewa inatembea na miti ina kivuli. Akipita Mtaa wa Samora akaingia kati ya maghorofa, hewa inasimama. Akivuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, joto linamshika mabegani hata kama jua ndiyo kwanza limechomoza.

Mpangilio huo uliandikwa kwenye karatasi, ukatiwa saini na ukasimamiwa na dola mbili.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katikati ya miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Alitaka bandari ya bara yenye maji ya kina na mlango mwembamba unaozuia mawimbi. Alifariki mwaka 1870, na mdogo wake Barghash hakuwa na hamu ya kuuendeleza mji huo; nyumba nyingi zikaachwa. Lililosalia wazi zaidi kutoka enzi hizo ni Boma la Kale, pembeni mwa Barabara ya Sokoine, karibu na gati la boti za Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba jua la asubuhi huchukua muda mrefu kupenya hadi chumbani. Mlango wake wa mbao ni wa mtindo wa Unguja. Jengo lilikarabatiwa na leo lina kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam, kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuelewa anachokikimbilia anaweza kurudi mchana akiwa na nguo kavu.

Wajerumani waliuhamishia hapa mji mkuu wa koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizoupanga mji kwa aina ya nyumba. Upande wa mashariki, ule unaopokea hewa ya baharini kwanza, ziliruhusiwa nyumba imara za mtindo wa Kizungu tu. Katikati pakawa pa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India. Nyumba za miti, udongo na makuti zikasukumwa magharibi. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ya mtu ili kumtenga. Ilitosha kutaja ukuta wake na paa lake. Waingereza waliurithi mpango huo na kuuimarisha katika miaka ya 1920, na wenyeji wakaziita sehemu hizo kwa namna iliyokuwa wazi kwa kila mtu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Mkimbiaji anayeanzia Kivukoni anaanzia Uzunguni. Nyuma yake iko Ikulu, ambayo mwili wake wa sasa ulijengwa upya na Waingereza na kukamilika mwaka 1922, baada ya manowari zao wenyewe kuipiga mizinga ikulu ya gavana wa Kijerumani mwaka 1914. Msanifu alikuwa J. H. Sinclair, aliyekuwa amefanya kazi Zanzibar, na matao yake yamebeba kumbukumbu ya huko. Huko hakupigwi picha wala hakuzururwi. Mwenye raba hupita upande unaoruhusiwa na kuendelea. Akiamua kuzungukia kwanza Barabara ya Barack Obama, ataiona hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa mwaka 1897 mbele kabisa ya bahari. Robert Koch, mtafiti mashuhuri wa vimelea vya maradhi, alifanya kazi mjini hapa mwaka huo na uliofuata, akichunguza malaria.

Hospitali hiyo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walijengewa yao ndani zaidi, karibu na mahali ambapo baadaye pakawa stesheni ya reli, kwa fedha alizotoa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo. Jina lake bado linatamkwa kila siku Muhimbili na ndugu wa wagonjwa wanaoulizia wodi ya Sewahaji. Hata mgonjwa, basi, aligawiwa upepo kwa kabila lake.

Kando ya maji Barabara ya Kivukoni inanyooka vizuri kwa mbio. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililokamilika mwaka 1902, linaonekana kama limeletwa na meli kutoka Bavaria: mnara mweupe, vigae vyekundu. Ukilitazama kwa makini, juu ya madirisha kuna vijipaa vya vigae vinavyokinga jua na mvua, ishara kwamba mjenzi alikuwa ameshaonja hali ya hewa ya mahali pale. Mbele kidogo, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kazi ya wamisionari Wabenediktini wa miaka hiyohiyo, limeinua mnara wake mrefu wa mtindo wa Gothiki kuelekea bandarini, na kwa miaka mingi mabaharia walikuwa wakiuona kabla ya kuona jengo jingine. Hoteli ya Kilimanjaro ya mwaka 1965 ni ya zama nyingine. Ilisanifiwa na kampuni ya Zevet kutoka Israeli, na jina hilo litarudi punde.

Kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi na singe imeelekezwa bandarini. Sanamu hiyo ya James Alexander Stevenson iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya hapo njia inaingia Uhindini, na hapa ndipo mbio zinapaswa kupunguzwa.

Uhindini ya kati ya miaka ya 1920 na 1950 ni mojawapo ya kazi nzuri za usanifu katika pwani yetu, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Chini duka, juu familia. Jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujenga vimechongwa kwenye lipu. Roshani zimetokeza juu ya njia ya miguu ili mnunuzi apite kivulini. Kwenye mitaa ya India, Jamhuri na Zanaki zimebaki nyumba ambazo mtu anaweza kukimbia chini yake mvua ikinyesha na asilowe sana. Waliojenga walikuwa wafanyabiashara waliotaka mteja asimame dukani, nao wakaona kwamba kivuli ni sehemu ya biashara.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi ya Uhindini baadaye yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa miongo iliyofuata hayakutunzwa ipasavyo, na ardhi ilipopanda bei, yalianza kuanguka moja baada ya jingine kupisha minara ya vioo. Jengo la Salamander kwenye Samora limebomolewa. Mtaa wa Indira Gandhi, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Wapitao hapo asubuhi wanakimbia juu ya majonzi ambayo mji haujayamaliza.

Kisha ghafla majengo yanakoma na uwanja unafunguka. Mnazi Mmoja.

Mgeni hudhani ni bustani iliyoachwa kwa ajili ya kupumzika. Iliachwa ili iwe pengo. Wajerumani walipanga ukanda mtupu wa kuitenga sehemu ya Waafrika na mji mwingine, kwa hoja ya afya iliyotumika katika makoloni mengi wakati huo, na Waingereza wakautekeleza kwa kuondoa nyumba zilizokuwamo. Kuvuka uwanja huo kwa mbio ni kazi ya dakika chache tu. Lakini watu waliotengwa nao waliutumia walivyotaka: mikutano ya TANU ilifanyika hapo, kwa kuwa ofisi ya chama, kilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa pembeni tu, kwenye mtaa ambao leo ni wa Lumumba. Ardhi iliyowekwa ili watu wasikutane ndiyo iliyowatosha walipotaka kukutana wote.

Upande wa pili ni Kariakoo. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamelinunua shamba la Schöller na kupima viwanja vidogovidogo katika mitaa iliyonyooka ili kuhamishia Waafrika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo likawa kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, kikosi ambacho mji ulikipa matamshi yake na kukifanya jina la mtaa. Wapagazi hao, waliobeba vita mabegani kuanzia pwani hadi Rufiji na kwingineko, walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Juu ya viwanja hivyo ilisimama nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, ua nyuma na baraza mbele. Haikuwa na msanifu mwenye jina. Hata hivyo ilijua joto kuliko majengo mengi ya serikali, kwa sababu ukumbi ulipitisha hewa kutoka mtaani hadi uani, na baraza iliwapa wenyeji na wapita njia mahali pa kukaa nje ya jua.

Wana wawili wa nchi hii waliosoma ng'ambo ndio walioichukua hekima hiyo na kuipa zege. Anthony Almeida alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921 katika familia ya Kigoa, akasoma usanifu Bombay, mji ambao ufukwe wake wa Marine Drive ulikuwa ndiyo kwanza umepangwa majengo ya kisasa, na akarudi mwaka 1948. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 kwenye barabara ambayo leo ni ya Bibi Titi Mohamed, ni yake. Ipo karibu na mpaka ule wa zamani wa kanda, na mlango wake uko wazi kwa mtoto wa Kariakoo na wa Upanga sawasawa.

Beda Amuli alikwenda Haifa, mji wa bandari uliopanda mlima Karmeli, na kusoma katika chuo cha Technion. Aliporudi alifanya kazi na Zevet, wale wa Hoteli ya Kilimanjaro, kisha mwaka 1969 akafungua ofisi yake, jambo linalomfanya atajwe miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki nzima. Kazi iliyompa jina ni Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 8 Desemba 1975.

Paa lake ni vipande vikubwa vya zege kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Kila kimoja hupokea mvua na kuiteremsha kupitia nguzo yake hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Kati ya vipande hivyo hewa ya moto hupata njia ya kutoka, na chini yake muuza nyanya husimama kivulini bila feni. Ghorofa ya chini kabisa, ile wafanyabiashara wanayoiita shimoni, hubaki na ubaridi wakati mtaa unachemka. Kwa mara ya kwanza serikali ilijenga Uswahilini jengo lenye hadhi ya majengo ya Uzunguni, na lililijibu jua vizuri kuliko mengi ya huko. Mtu akiuliza ni jengo gani la Dar es Salaam ambalo dunia inapaswa kulijua, jibu ni hilo.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Serikali ililikarabati na kuongeza jengo jipya la ghorofa ubavuni, na paa la Amuli likabakizwa, uamuzi wa kushukuriwa sana. Pembeni yake hadithi ni tofauti. Nyumba za vyumba sita zimebomolewa karibu zote, na juu ya viwanja vilevile vidogo yamepanda maghorofa yaliyobanana hadi mpaka wa barabara, hayana baraza wala roshani ya kumkinga mpita njia. Tarehe 16 Novemba 2024 moja liliporomoka wakati watu wakiwa kazini humo, na waliofariki ni zaidi ya 20.

Saa moja asubuhi mbio haziwezekani tena Kariakoo. Wamachinga wametandaza bidhaa Mtaa wa Kongo, maguta yanapita yamesheheni marobota, na kila aliyepanga meza amefunga juu yake turubai au mwavuli wa kampuni ya simu. Maturubai hayo ni kazi ya usanifu majengo iliyoachwa kwa wachuuzi. Halmashauri ya Jiji, inayotoa vibali vya ujenzi, haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano: mwendo wa dakika kumi nyuma, Uhindini, kuna roshani za karibu miaka 100 zinazofunika njia ya miguu, na kibali cha kila ghorofa jipya Kariakoo kingeweza kudai kitu hicho kimoja, varanda ya kutosha watu wawili kupishana, kabla ya kuruhusu ghorofa la saba.