Nani alifika kwanza? Ijue faulo ya mshambulizi katika kikapu cha vyuo vya Marekani

Ramadhani iliyopita, baada ya Tarawehe, vijana wa mtaani kwetu walikuwa wakicheza mpira wa kikapu chini ya taa, nami nimekaa kwenye meza ya kuandika alama. Dakika za mwisho kijana mmoja alitoka mbio na mpira, akaruka kuelekea kikapuni. Akiwa tayari yuko juu, mlinzi akajitia chini yake, akasimama wima, mikono kifuani. Yule wa juu alianguka vibaya, akavunjika kifundo cha mkono. Refa akapuliza kipenga na kumpa faulo huyo huyo aliyevunjika.

Zogo lilipotulia nilimuuliza mlinzi mbona amefanya vile. Akanijibu, "Ami, mimi nilikuwa nimesimama tu. Ndivyo wafanyavyo wachezaji wa vyuo Marekani, nawaona kwenye simu."

Kijana hakusema uongo. Kitendo alikiona, sheria hakuiona. Kwa kuwa vijana wetu wengi wanajifunza kwa njia hiyo, nimeonelea niieleze sheria yenyewe.

Maana yake

Faulo ya mshambulizi ni kosa la kugusana linalofanywa na upande wenye mpira. Ziko namna kadhaa. Kuna kumsukuma mlinzi kwa mkono usioshika mpira, na kuna kumzuia mlinzi njia ili mwenzako apite huku wewe mwenyewe hujatulia. Iliyo maarufu zaidi ni chaji, yaani mwenye mpira kumvamia mlinzi aliyekwisha kuchukua mahali pake kihalali. Kinyume chake ni bloku, ambapo mlinzi ndiye aliyechelewa, akaziba njia ya mtu anayepita.

Tofauti ya adhabu ni kubwa. Katika mechi za wanaume za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, refa akiita chaji kikapu hakihesabiwi hata mpira ukiingia, na wapinzani wanapewa mpira. Mvamizi anaandikiwa faulo, na ikifika ya 5 anatoka uwanjani. Akiita bloku kwa mtu anayetupa, kikapu kilichoingia kinahesabiwa na anaongezewa mtupo mmoja wa adhabu. Basi tukio ni moja, lakini kipenga chaweza kuwapa hawa alama 3 au kuwapokonya kila kitu.

Mahali halali

Wazee wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Kwenye kikapu si hivyo. Hata mdogo wa mwili akitangulia mahali, jitu la mita mbili halina ruhusa ya kumpitia juu.

Ili ahesabiwe ametangulia, kwanza mlinzi awe ameweka miguu yote miwili chini na kifua kimemwelekea mwenye mpira. Baada ya hapo halazimiki kuganda kama nguzo. Aweza kusogea pembeni au kurudi nyuma, kuinua mikono wima, kuruka wima, hata kugeuka kidogo kujikinga na kishindo. Asichoruhusiwa ni kumwendea mwenzake mbele wakati wa kugongana. Kwa hivyo neno la "nilikuwa nimesimama" halitoshi. Mtu anaweza kuwa anatembea na akawa na haki, na anaweza kuwa amesimama na akawa mkosa kwa sababu amefika kachelewa.

Kachelewa kwa kipimo gani?

Hapo ndipo Wamarekani wenyewe wamebadilisha sheria mara kwa mara. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa hiki: mlinzi awe amefika kabla mwenye mpira hajaacha ardhi. Msimu wa 2013-14 wakakaza, wakataka afike kabla mshambulizi hajaanza kuinua mpira kwenda kutupa. Msimu uliofuata wakarudi kwenye kipimo cha zamani.

Katika msimu huo wa 2013-14 kulitokea kisa ambacho mashabiki hawajakisahau. Tarehe 22 Februari 2014 Syracuse walikuwa wageni wa Duke. Zikiwa zimebaki kama sekunde 10, Duke wakiongoza kwa alama 2, C.J. Fair wa Syracuse alipita pembeni akatupa, mpira ukaingia. Refa akaita chaji dhidi yake kwa kumgonga Rodney Hood, na kikapu kikafutwa. Kocha Jim Boeheim aliingia uwanjani akipiga kelele na kuvua koti, akatolewa nje. Duke walishinda 66 kwa 60. Mpaka leo kuna wanaobisha kuwa ile ilikuwa bloku.

Msimu wa 2023-24 NCAA wakabadilisha tena kwa wanaume. Sasa mlinzi lazima awe tayari mahali pake wakati mshambulizi anapokanyaga mguu wa kurukia. Akifika baada ya hapo na wakagongana, ni bloku. Mtu akishakanyaga ili aruke hawezi tena kujizuia, na usalama wake hauko mikononi mwake.

Kwa sababu hiyo pia upo mstari wa nusu duara chini ya kikapu. Vyuo viliuweka msimu wa 2011-12 kwa futi 3, kisha 2015-16 upande wa wanaume ukasogezwa hadi futi 4, kama sentimita 122. Mlinzi anayekuja kumsaidia mwenzake hawezi kusimama ndani ya mstari huo akadai chaji. Na anayejiangusha kwa hila ili apewe faulo hupewa faulo ya kiufundi, wapinzani wakatupa mtupo mmoja.

Na sisi?

Kenya tunacheza kwa sheria za FIBA, si za vyuo vya Marekani. Nusu duara yetu ni mita 1.25 kutoka chini ya kikapu, na kipimo cha FIBA ni mlinzi awe amefika kabla aliyeruka hajaacha ardhi. Ukimpima mlinzi wetu wa usiku ule, alijitia pale mwenzake akiwa tayari hewani. Kwa FIBA ni bloku, na kwa vyuo vya Marekani pia ni bloku. Kipenga kilikosea kote kuwili, na simu ya kijana haikumwambia hivyo.

Nilikaa naye nikamchorea haya kwa chaki. Akanyamaza sana, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo kosa lilikuwa langu?" Nikamwambia ndiyo, lakini letu zaidi, tuliowapa mpira na taa tusiwape sheria. Siku ya pili alikwenda kumtazama mwenzake nyumbani kwao. Mkono umepona, alhamdulillahi.

Uwanja wetu hauna ile nusu duara hadi sasa. Wanaosimamia viwanja vya mitaa, nawaomba kabla ya Ramadhani ijayo tupate kamba ya mita 1.25 na kopo moja la rangi. Na anayeshika kipenga asitazame nani ameanguka. Atazame miguu, ajue nani alifika kwanza.