Kumtegemea Mungu na Kushika Daftari: Habari za George Müller



Tangu tuanze kikundi liko swali ambalo halijatuacha. Wapo akina mama wenzetu waliotuambia kwamba kuweka akiba ni kukosa imani, eti aliyeokoka hasumbukii ya kesho. Na wapo wengine, hawa ndio wanaotuumiza zaidi, wakidaiwa marejesho wanajibu, "Mungu atatoa," halafu kimya. Basi tumeona tuandike habari za mtu mmoja aliyemtegemea Mungu kwa chakula cha kila siku, tena si chake peke yake, tuone yeye alifanyaje.

Mtu huyo ni George Müller. Alizaliwa mwaka 1805 huko Prussia, ambako sasa ni Ujerumani. Ujana wake haukuwa mzuri hata kidogo. Alimwibia baba yake, na akiwa na miaka 16 alitiwa ndani kwa kulala katika nyumba za wageni na kuondoka bila kulipa. Aliokoka mwaka 1825 akiwa mwanafunzi. Mwaka 1829 alikwenda Uingereza, akawa mchungaji, na mwaka 1830 akaacha kupokea mshahara. Mwaka 1832 akahamia mji wa Bristol.

Mwaka huo huo Bristol ilipigwa na kipindupindu, na yatima walikuwa wengi. Mwaka 1836 Müller na mkewe Mary wakafungua nyumba ya kwanza ya yatima, ya wasichana 30. Alijiwekea masharti mawili. Hatamwomba mwanadamu fedha, ataomba kwa Mungu tu. Na hatakopa. Jamani, watoto thelathini! Sisi tunajua kazi ya kulisha sita tu siku unga umekwisha.

Mwaka 1838 ulikuwa mgumu sana. Watoto walikuwa wamekaribia 100, na zilikuwepo siku ambazo kulikucha hakuna fedha ya mkate na maziwa ya siku ile. Müller na wafanyakazi wake walikuwa wakikusanyika kuomba. Sasa angalieni majibu yalivyokuja. Mara nyingine yaliletwa na mgeni, na mara nyingine yalitoka mifukoni mwa hao hao waliokuwa wakiomba. Walitoa vijisenti vyao, wengine wakauza vitu vyao. Habari hiyo haisimuliwi sana. Watu wanapenda kusikia kwamba mlango uligongwa na mkate ukaingia. Lakini yule aliyeuza kitu chake naye alikuwa jibu la maombi, sisi ndivyo tunavyoona.

Halafu kuna mambo ya hesabu. Aliyetoa alipewa risiti, hata kama alichotoa kilikuwa kidogo, na taarifa za mapato na matumizi zilichapishwa watu wakasoma. Huyo aliyesema fedha zote zinatoka kwa Mungu ndiye aliyekuwa mkali wa daftari. Mweka hazina wetu akifika hapa atacheka, maana hiyo ndiyo vita yake kila mkutano.

Kazi ilikua. Mwaka 1849 walihamia Ashley Down, katika nyumba kubwa ya watoto 300. Kufikia mwaka 1870 nyumba zilikuwa tano, zenye nafasi ya watoto 2,050. Müller alifariki mwaka 1898 akiwa na miaka 92, na yatima waliopita mikononi mwake walizidi 10,000.

Hatutaki kujifanya tunafanana naye kwa kila kitu. Yeye hakukopa, sisi kukopeshana ndiyo kazi yetu. Lakini fedha tunayokopeshana haikutoka benki, ni hisa zetu wenyewe, za kuuza maandazi na mboga. Yuko mama ameomba usiku kucha apate sare ya shule ya mtoto wake, na fedha ya sare hiyo Mungu ameshaitoa, iko nyumbani kwa mwenzake ambaye hajarejesha.

Ndiyo maana siku ya mkutano tunaomba kwanza, kisha tunafungua sanduku, kisha majina yanasomwa kwa sauti, moja moja. Aliyekwama kwa ugonjwa au msiba anasema, na tunapanga naye taratibu, hatujamfukuza mtu kwa shida. Wale wengine wanajijua. Tunawangoja Jumamosi saa nane.