Makaburi Yasiyo na Majina



Ndugu wapendwa, mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wetu. Baada ya Misa ya tarehe 2, kijana mmoja aliniuliza kwa nini huku kwetu Ngara na Biharamulo hakuna makaburi ya kale, hali wazee husimulia kwamba watu wameishi hapa karne nyingi. Nilimjibu kwa haraka, maana watu walikuwa wananisubiri, na jibu langu halikuwa zuri. Leo napenda kulirudia swali lake kwa utulivu.

Jiwe la kaburi lenye jina na tarehe ni mgeni kwetu. Lilikuja pamoja na Mapadre Weupe, waliofika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892 wakiongozwa na Askofu Hirth. Kabla ya hapo marehemu alikumbukwa kwa midomo ya watu wake, na pengine kwa mti. Kwa jirani zetu wa Burundi na Rwanda, mahali palipokuwa na makao ya mfalme hutambulikana hadi leo kwa miti mikubwa iliyoachwa isikatwe. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi hadi mipaka ya wakoloni ilipoitenga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo tusishangae kuona heshima ya namna hiyo kwa miti upande wetu pia.

Uko pia mti mwingine, wenye miiba na maua mekundu, ambao Warundi huuita umurinzi. Husimuliwa kwamba Ryangombe, mwindaji hodari, alipigwa pembe na nyati akafia chini yake. Ibada yake ilienea Rwanda, Burundi, Bugufi hadi Uzinza. Makatekista wa kwanza waliipiga vita, na walikuwa na sababu zao. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba watu hawa walikwisha kuuheshimu mti kwa ajili ya aliyekufa chini yake, kabla hawajasikia habari za Msalaba.

Na watawala? Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipita Usui, nchi ambayo leo ni Biharamulo. Mtawala wake, ambaye Speke anamwandika kwa jina la Suwarora, alimtoza hongo nyingi ya nguo na shanga, akamchelewesha, wala hakukubali kuonana naye uso kwa uso. (Mgeni alilalamika sana katika kitabu chake. Mimi namwelewa Suwarora.) Alipofika Karagwe, kwa watawala wa ukoo uleule wa Wahinda, Speke alisimuliwa jinsi alivyozikwa Dagara, baba yake mfalme Rumanika. Mwili ulishonwa katika ngozi ya ng'ombe na kuelea ziwani ndani ya mtumbwi siku tatu, hata ukatoa funza. Watatu kati yao walipelekwa ikulu: mmoja akageuka simba, mwingine chui, na wa tatu akawa fimbo. Kisha mwili ukapandishwa kilimani, ukajengewa kibanda, na humo wakafungiwa wasichana watano na ng'ombe hamsini hadi wakafa kwa njaa.

Sijui msomaji atashangazwa na lipi. Mimi simba hanisumbui. Wananisumbua wale wasichana watano. Jina la mfalme limeandikwa katika vitabu vya Ulaya, na la hata mmoja wao halipo.

Askofu Laurean Rugambwa, aliyepewa Vikarieti ya Kagera ya Chini mwaka 1951 na kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alizikwa mara mbili. Alipofariki mwaka 1997 aliwekwa Kashozi kwa muda, na mwaka 2012 akahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Naye Rais John Magufuli alizikwa mwaka 2021 nyumbani kwake Chato, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Makaburi hayo yana watunzaji.

Lakini kaburi kubwa kuliko yote ya wilaya ya Ngara halina jiwe, nalo ni mto. Mei 1894 Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvuka Kagera pale Rusumo. Miaka mia moja baadaye, Aprili 1994, watu wa Rusumo waliona maiti zikiporomoka katika maporomoko hayo, siku baada ya siku, nyingine zikiwa zimefungwa mikono. Maelfu walifikishwa na maji hadi Ziwa Viktoria. Ndugu zetu wa Uganda waliwaopoa na kuwazika, na leo ziko kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo.

Mwishoni mwa mwezi huohuo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara. Walikaa hadi Desemba 1996 waliporudishwa kwao. Waliokufa kambini walibaki katika udongo wetu, watoto wengi miongoni mwao. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo pia wenye damu mikononi. Sylvestre Gacumbitsi, meya wa Rusumo ya Rwanda, aliishi Benaco. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye, na mwaka 2006 rufaa ikaamua kifungo cha maisha.

Hapo ndipo penye ugumu. Muumini mmoja aliwahi kuniambia kwamba hawezi kuwaombea marehemu wa Benaco, kwa sababu hajui anamwombea nani, aliyeua au aliyekimbia. Sikumkemea. Ni kweli hatujui. Lakini Misa ya wafu haituombi orodha ya matendo. Kuwaombea wote hakumaanishi kwamba wote walitenda sawa. Maana yake ni kwamba hukumu si yetu. Nyarubuye nayo tuitaje waziwazi tunaposali, ili sala yetu isigeuke kuwa njia ya kusahau.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutasafisha makaburi ya parokia. Kila jumuiya ilete majembe na mafyekeo. Wazee wanaofahamu nani amelala wapi waje na wajukuu wao, na vijana waje na daftari na kalamu. Kaburi lisilofahamika lisisawazishwe wala lisilimwe. Tuliwekee jiwe.