Muwa Ukikatwa Huchipua: Kisa cha Programu Ndogo Iliyotelekezwa

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Ruhembe, ule upande wa Kilosa ambako ukifika Mikumi unaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ya Kidatu, halafu macho yako hayaoni tena kitu ila miwa. Mzee wangu ni mmoja wa wale wakulima wa nje wanaouza miwa kiwandani. Msimu ukiisha anabaki na bunda la stakabadhi za mizani: tarehe, tani, kiwango cha sukari. Malipo yake yanategemea hizo tani na hicho kiwango, kwa hiyo stakabadhi zile kwake ni kama hati ya nyumba.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia programu ndogo kwa lugha ya Python ya kumjumlishia stakabadhi hizo. Haina dirisha wala vitufe. Unaandika sentensi moja kwenye skrini nyeusi (jina la programu, jina la faili, mwezi unaoutaka), unabonyeza, jumla inatoka. Safari hii nilikuja na kompyuta nyingine yenye Python mpya. Nikaandika sentensi ile ile. Kabla ya jumla ikatoka mistari ya onyo ambayo sikuwahi kuiona.

Mzee akavaa miwani. "Hilo ni deni au ni nini?"

"Si deni, baba. Kuna kitu kimezeeka humo ndani."

"Kitu cha nani?"

Hapo nilikwama. Nilirudia tena amri ile, na safari ya pili onyo halikutokea. Ningeweza kumwambia mzee mambo yameisha. Lakini swali lake liliniuma: kitu cha nani? Nilikaa usiku ule nikilifuatilia, na hiki ndicho nilichokipata.

Tuanze na mizani. Kabla muwa haujaingia kwenye kinu, lori lazima lipite mizani, karani asome ni mzigo wa nani na una uzito gani. Karani huyo hatengenezi sukari. Lakini akisoma vibaya, kinu kinaweza kuwa kizima kabisa na mkulima bado akapunjwa. Programu za skrini nyeusi nazo zina karani wao: kipande kinachosoma sentensi uliyoandika, kikatambua hili ni jina la faili, huu ni mwezi, hii ni amri ya kufuta. Watu wengi hawakiandiki wenyewe. Wanakichukua kikiwa tayari, kwenye yale mafungu ya msimbo wanayoyaita maktaba.

Zamani kila programu ilikuwa na karani wake. Mtu aliyezoea mfumo wa Unix wa miaka ya 1970 anajua kwamba tar ilikuwa na mtindo wake wa kuamriwa, dd na wake, na ps na wake. Kisha kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ikatengeneza karani wa pamoja aliyeitwa getopt, na mwaka 1985 ikautoa msimbo wake kwa umma kwenye mkutano wa UNIFORUM mjini Dallas. Baadaye getopt iliingizwa kwenye kanuni za POSIX, na watu wa mradi wa GNU wakaongeza amri za maneno marefu yanayosomeka badala ya herufi moja moja.

Kwenye Python hadithi ilijirudia. Kulikuwa na getopt. Kisha Greg Ward akaandika Optik, ambayo mwaka 2003 iliingizwa rasmi kwenye Python 2.3 kwa jina la optparse. Kisha Steven Bethard akaandika argparse, nayo ikaingia kwenye Python 2.7 mwaka 2010. Zote zilikuwa na kero moja: lazima umweleze karani mambo kwa msimbo mrefu.

Mwaka 2012 akatokea Vladimir Keleshev na wazo lililowafurahisha wengi. Alisema, kwa kifupi, andika yale maelezo ya mtumiaji tu, kwa mpangilio uliozoeleka, na maelezo hayo ndiyo yawe sheria ya karani. Maktaba yake aliiita docopt. Ilikuwa faili moja tu. Unaweza kuichukua ukaiweka kando ya programu yako na maisha yakaendelea. Mimi ndivyo nilivyofanya. Watu wakalipeleka wazo hilo kwenye lugha nyingine za kompyuta, zikiwemo Ruby, Go na Rust.

Toleo la 0.6.2 la docopt ya Python lilitoka mwaka 2014. Baada ya hapo, kimya. Ikaendelea kupakuliwa na kutegemewa bila kupata toleo jipya. Wakati huo Python yenyewe haikusimama. Mwishoni mwa 2016, toleo la 3.6 lilianza kunung'unika chini chini kuhusu namna fulani ya zamani ya kutumia alama ya mkwaju wa nyuma ndani ya maandishi. Oktoba 2023, toleo la 3.12 likaanza kunung'unika kwa sauti, na kutoa ahadi kwamba siku moja litakuwa kosa kamili. Docopt ilikuwa na alama hizo. Ililala miaka miwili kabla ya onyo kubuniwa, ingelisikiaje?

Na kwa nini onyo halikurudi mara ya pili? Kwa sababu Python ikishatafsiri faili mara moja huhifadhi tafsiri yake na kuitumia tena. Onyo lilinyamaza, ugonjwa ukabaki. Sisi waandishi wa habari tunaijua hali hii. Ukimya wa mtu si dalili kwamba ameridhika.

Sasa mwenye nyumba akiwa hayupo, anayetaka kukarabati afanyeje? Kwenye programu huria leseni inakuruhusu uchukue msimbo wote, uurekebishe, uutoe upya. Tatizo ni jina. Jina "docopt" kwenye ghala la programu za Python lina ufunguo wake, na aliyenao ndiye peke yake anayeweza kuweka toleo jipya pale. Waliotaka kuifufua waliianzisha nakala yenye jina la pembeni, docopt-ng, ambayo baadaye iliingia chini ya Jazzband, kundi lililoanzishwa mwaka 2015 na Jannis Leidel ili miradi isitegemee pumzi ya mtu mmoja: wanachama wote walikuwa na ruhusa ya kuchangia moja kwa moja. Waliondoa alama zile zenye kasoro, wakaachana na Python ya zamani, wakaboresha ujumbe anaoupata mtumiaji akikosea. Na ndani ya programu unaiita kwa jina lile lile, docopt. Mimi niliitoa faili ya zamani, nikapakua nakala mpya, na katika msimbo wangu sikugusa mstari hata mmoja.

Msidhani kukabidhi funguo ni jambo jepesi. Mwaka 2018 Dominic Tarr, aliyekuwa amechoka kutunza kipande cha programu kiitwacho event-stream, alimkabidhi mtu asiyemfahamu aliyejitolea kusaidia. Mtu yule akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin kwenye pochi za programu ya Copay. Mwaka 2024 yakatokea makubwa zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwa mtunzaji wa xz, Lasse Collin, kisha akaficha mlango wa siri humo. Aliyemfichua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa tu kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo ukimlaumu mtunzaji kwamba ameng'ang'ania funguo, kumbuka anaogopa nini. Ukimlaumu kwamba amechoka, jiulize wewe ulimbebea nini.

Na sisi? Mwishoni mwa 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa IT+46 kutoka Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Ni jambo la kujivunia hadi leo. Lakini tafsiri ya programu haimaliziki siku ya uzinduzi. Kila toleo jipya huja na menyu mpya na maneno mapya. OpenOffice yenyewe ilipasuka: Septemba 2010 kundi la wajenzi wake likajitenga na kuanzisha LibreOffice, na 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa Apache. Tafsiri inayotaka kuishi lazima ihame na wenye nyumba, neno kwa neno. Sisi tulipiga makofi siku ya kwanza. Ni wangapi tuliuliza mwaka uliofuata nani anapalilia?

Asubuhi nilimpa mzee jibu, kwamba kitu kile ni cha mtu aliyekianzisha akaenda zake, na sasa kinatunzwa na watu wasiolipwa. Hakushangaa. Tulikuwa tumesimama shambani, kwenye sehemu iliyovunwa. Akanionyesha mashina.

"Muwa ukikatwa unachipua wenyewe. Mgeni anadhani kazi imekwisha. Lakini usipopalilia, usipoziba mapengo, kila mwaka unavuna pungufu ya mwaka jana. Ukija kushtuka, shamba ni majani."

Basi, wandugu, nimejipa kazi. Nimeorodhesha programu huria zote ninazozitegemea kwa kazi zangu za uandishi. Ziko kumi na nne. Kwa kila moja nimeandika nani anaitunza na mara ya mwisho ilipata toleo lini. Mbili sikupata jibu. Mwezi huu nimeanza na moja kati ya hizo: nimeandika taarifa ya kasoro moja, kwa adabu, na hatua za kuirudia, nikajitolea kusahihisha maelezo yake. Sijajibiwa bado. Nitasubiri, maana naye hanijui, na ana kila sababu ya kuniuliza mimi ni nani.

Mzee amepata jumla yake. Imepishana na hesabu ya daftari lake kwa lori moja, na safari hii daftari ndilo lililokuwa sahihi: stakabadhi moja sikuiingiza. Karani alikuwa mimi.