Simba Alirudi na Manyoya, Uso Ukapotea

Julai 2019 Simba wa The Lion King alirudi kwenye senema. Kampuni ya Disney, iliyomchora kwa mkono mwaka 1994, ilimtengeneza upya kwa kompyuta, kila unywele ukionekana, hata ungedhani amepigwa picha Serengeti. Filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Lakini kwa sisi wa Mpendae na mitaa mingine ya Ng'ambo hapa Unguja, tuliomjua Simba wa kwanza kwa deki na mikanda ya video, huyu wa pili alikuwa pungufu.

Unguja ina haki ya kuhukumu filamu. Jumba la Majestic lilifunguliwa Vuga mwaka 1955, mahali palipokuwa na jumba la Royal lililoteketea kwa moto. Darajani palikuwa na Empire, Malindi Cine Afrique. Wazee wetu walilia na kuimba na filamu za Kihindi, na mwaka 1973 Televisheni Zanzibar ikaanza kurusha picha za rangi. Hapa filamu haitazamwi tu. Hujadiliwa barazani mpaka mbivu na mbichi zijulikane.

Mtindo wa kuzirudia katuni kwa waigizaji au wanyama wanaoonekana wa kweli haukuanza na Simba. Mwaka 1996 Disney iliirudia 101 Dalmatians. Mwaka 2010 Alice in Wonderland ya Tim Burton ikavuka dola bilioni moja, na kampuni ikaona njia ya fedha. Zikafuata The Jungle Book mwaka 2016, Beauty and the Beast mwaka 2017, kisha Aladdin na The Lion King mwaka 2019. Mulan ya 2020 ilivuliwa nyimbo zake na kijoka Mushu, aliyekuwa kipenzi cha watoto.

Kasoro yenyewe inaonekana wazi ukizitazama filamu mbili za Simba kwa pamoja. Mwaka 1991 baadhi ya wasanii wa filamu ya kwanza walikwenda Kenya, katika hifadhi ya Hell's Gate, kusoma ardhi na mwanga wake. Simba hai naye aliletwa studio wamchore. Walipokwisha kuujua ukweli, wakawa huru kuuzidisha: nyusi za Scar, ami mwovu wa Simba, zikapanda kwa hila, macho ya Simba yakajaa machozi mbele ya maiti ya baba yake, na mtoto alipoimba kuutamani ufalme, mbuga nzima ikabadilika rangi.

Filamu ya 2019, chini ya mwongozaji Jon Favreau, ilijifunga kwenye uhalisia. Simba wa porini hana nyusi wala hatabasamu, basi huzuni na furaha zikakaa kwenye uso uleule. Wimbo wa Scar na mafisi ukafupishwa, na wimbo wa mapenzi unaoutaja usiku ukaimbwa jua likiwaka. Hata huo uhalisia ni wa kutengenezwa: picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera Afrika, ile ya macheo ya mwanzo. Filamu ya kwanza ilikuwa ya dakika 88. Ya pili ilifika 118, bila ya kuongeza jambo la kukumbukwa.

Hadithi kurudiwa si kosa. Bibi zetu wamesimulia kisa cha Sungura na Simba vizazi na vizazi, na kila msimulizi aliongeza sauti yake na jambo lililomgusa. Disney ilirudia matukio yaleyale, ikaondoa kile kilichoyapa uhai, yaani mkono wa mchoraji. Fedha zilipatikana kwa sababu wazazi walikuwa na hamu ya utoto wao. Lakini hamu nayo huisha: Snow White ya 2025 haikurudisha gharama zake.

Wakati huohuo Afrika Mashariki inachora yake. Ubongo Kids ya Dar es Salaam inafundisha watoto kwa katuni tangu 2014. Mwaka 2023 mfululizo wa katuni fupi za Kiafrika, Kizazi Moto, uliwaleta Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, kila mmoja na hadithi mpya, na Disney yenyewe ndiyo iliyouonesha. Wazazi wenzangu, waonesheni watoto Simba wa 1994, kisha watafutieni na kazi hizi. Na vijana wa Unguja wenye kalamu na kompyuta, Sungura wetu bado anasubiri kuchorwa. Mchoreni nyinyi, kabla hajachorwa na wengine.